Sodiamu na Nyumba Yake

Hakuna mtu apitaye sokoni akashangaa kuona chumvi. Huuzwa kwa bei ndogo, na mama aliyeishiwa nayo wakati wa kupika humtuma mtoto kwa jirani pasipo haya. Lakini ndani ya kila punje ya chumvi hiyo mna metali iitwayo sodiamu, nayo kwa zaidi ya miaka 40 imewasumbua wataalamu wa kemia kwa swali moja: tuiweke wapi? Swali hili laonekana dogo, msomaji, lakini juu yake imesimama haja kubwa ya ulimwengu. Jua huwaka mchana na taa huhitajiwa usiku. Upepo huvuma upendapo, wala haungoji saa ya kazi. Anayetaka kutumia umeme wa jua na wa upepo hana budi kuwa na ghala la kuuwekea, na ghala hilo ni betri. Kwa sasa betri nyingi zilizo bora hutegemea lithiamu, metali iliyo adimu kuliko sodiamu. Historia nitakayokusimulia ni ya watu waliojaribu kuitumia sodiamu mahali pake, na ya nyumba waliyoitafutia.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya betri yenyewe. Betri ya namna hii ina pande mbili: upande mmoja huitwa kathodi na wa pili anodi, na kati ya pande hizo mna kimiminiko. Betri inapotiwa umeme, au kama tusemavyo siku hizi, inapochajiwa, ioni za sodiamu huondoka katika kathodi, huvuka kimiminiko, na kuingia katika anodi. Ioni ya namna hii ni atomu iliyopungukiwa na elektroni. Betri inapotumika, ioni hizo hutoka katika anodi na kurudi zilikotoka. Na elektroni, ambazo haziwezi kupita katika kimiminiko, huzunguka nje kwa njia ya waya, nazo ndizo ziwashazo taa na kuendesha mashine. Anodi basi ni nyumba ya wageni, wageni wenyewe ni ioni. Nyumba njema ya namna hii ina sifa tatu: iwe na vyumba vingi, iwe na mlango usiomzuia mgeni, na isibomoke kwa kuingia na kutoka kwa wageni mara elfu na zaidi. Zikumbuke sifa hizi tatu, kwa maana habari yote inayofuata ni ya watu waliopata moja wakakosa nyingine.

Betri ya kwanza iliundwa na Alessandro Volta wa Italia, aliyeitangaza mwaka 1800. Alipanga visahani vya metali mbili mbalimbali kwa zamu, na kati yake akaweka vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa hiyo sodiamu ilikuwamo ndani ya betri tangu mwanzo, ingawa hapakuwa na mtu aliyejua jina lake. Miaka 7 baadaye, mwaka 1807, Mwingereza Humphry Davy alitumia betri ya namna hiyo kupitisha umeme katika soda kali iliyoyeyushwa, na hapo akaiona sodiamu ikijitenga: metali nyeupe inayong'aa, laini kiasi cha kukatwa kwa kisu, na kali kiasi cha kutoa moto ikitupwa majini. Mwaka 1817 Johan August Arfwedson wa Sweden aligundua lithiamu ndani ya jiwe. Sodiamu na lithiamu ni ndugu wa ukoo mmoja. Tabia zao zafanana, ila lithiamu ni nyepesi na ndogo zaidi.

Majaribio makubwa ya kwanza ya kuitumia sodiamu katika betri ya kuchajiwa yalikuwa ya moto. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Ford huko Marekani iliunda betri ambayo anodi yake ilikuwa sodiamu iliyoyeyuka, ikifanya kazi katika joto la karibu nyuzi 300. Baadaye wataalamu wa Afrika Kusini waliunda nyingine ya jamii hiyo, nayo ikaitwa ZEBRA. Betri hizo zilifaa kwa kazi fulani, lakini nani angependa kubeba mfukoni chombo chenye joto la tanuri? Ilitakiwa anodi itakayoipokea sodiamu katika joto la kawaida, na kwa utulivu.

Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, sodiamu na lithiamu zilichunguzwa bega kwa bega. Ndipo lithiamu ilipopata nyumba yake. Rachid Yazami, mzaliwa wa mji wa Fez nchini Moroko, akifanya kazi Grenoble huko Ufaransa, alionyesha kwamba lithiamu huweza kuingia katika grafiti na kutoka tena. Grafiti ndiyo ile nyeusi iliyo ndani ya kalamu ya risasi. Jina hilo la kalamu hudanganya, kwa sababu ndani yake hamna risasi hata kidogo. Mna kaboni iliyojipanga tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Kati ya kurasa hizo lithiamu hupata vyumba vyake. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani aliunda betri ya lithiamu yenye anodi ya kaboni, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo. Kutoka hapo zilienea katika simu, tarakilishi na magari. Mwaka 2019 Yoshino, pamoja na John Goodenough na Stanley Whittingham, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia.

Na sodiamu je? Ilibisha katika mlango ule ule wa grafiti, nao haukufunguliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba grafiti huipokea sodiamu kwa kiasi cha atomu moja tu kwa kila atomu 64 za kaboni, hali lithiamu hupokewa moja kwa kila 6. Nyumba yenye vyumba vichache hivyo haifai biashara.

Huenda ukasema, kama wengi walivyosema, kwamba sababu ni unene: ioni ya sodiamu ni kubwa kuliko ya lithiamu, basi haipiti. Jibu hili ni jepesi, na jibu jepesi yapasa lipimwe kabla ya kukubaliwa. Twaa potasiamu, ndugu yao wa tatu. Hiyo ni kubwa kuliko sodiamu, walakini huingia katika grafiti bila taabu. Kwa hiyo unene peke yake haukutosha kuwa sababu. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2016 zilionyesha kwamba jambo lenyewe ni udhaifu wa mshikamano: sodiamu na kaboni ya grafiti hazishikani kwa nguvu ya kutosha, hata sodiamu huona nafuu kubaki na wenzake kuliko kuingia humo.

Lakini ujuzi huo ulikuja baadaye sana. Wakati ule watu waliona tu kwamba lithiamu imepokewa na sodiamu imekataliwa, na wengi wakaigeukia lithiamu. Wachache hawakuiacha sodiamu. Mwaka 1993 watafiti wa Berkeley, Marekani, akiwamo Marca Doeff, walionyesha kwamba makaa yatokanayo na mafuta ya petroli, ambayo tabaka zake hazikunyooka kama za grafiti, huipokea sodiamu. Hapa ilianza kuonekana dalili ya jambo kubwa: yamkini kosa halikuwa la mgeni, bali la nyumba aliyopelekwa.

Dalili hiyo ikawa dhahiri mwaka 2000, katika Chuo Kikuu cha Dalhousie mjini Halifax, Kanada. D. A. Stevens na Jeff Dahn walichukua glukosi, yaani sukari, wakaichoma kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 pasipo hewa ya kuiunguza, hata kikabaki kitu cheusi kiitwacho kaboni ngumu. Kaboni hii haina kurasa zilizopangwa sawasawa. Ni vipande vidogo vya tabaka vilivyolaliana ovyo, kama karata zilizomwagwa mezani, na kati ya vipande hivyo mna nafasi nyingi na vijitundu. Sodiamu ikaingia. Kila gramu ya kaboni hiyo iliweza kuhifadhi umeme wa karibu miliampia-saa 300, nacho kipimo hicho hakiko mbali sana na 372, ambacho ndicho upeo wa grafiti kwa lithiamu. Tazama ajabu hii, msomaji: mpangilio mzuri wa grafiti ulishindwa, na fujo ya makaa ya sukari ikafaulu.

Hata hivyo ulimwengu haukukimbilia habari hii mara moja. Lithiamu ilikuwa ikitosha, na anayeshiba hafikirii shamba la pili. Ni miaka 10 baadaye, magari ya umeme yalipoanza kuongezeka, ndipo watu walipouliza kwa dhati kama lithiamu itatosha wote. Sodiamu ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wa gamba la dunia, na bahari imejaa chumvi yake. Lithiamu ni kama gramu 20 tu katika kila tani ya gamba hilo. Tena, katika betri ya lithiamu anodi huhitaji kubandikwa juu ya karatasi ya shaba, kwa kuwa lithiamu huungana na alumini na kuiharibu. Sodiamu haina tabia hiyo, basi alumini, iliyo rahisi na nyepesi kuliko shaba, hufaa. Mwaka 2011 Shinichi Komaba na wenzake wa mjini Tokyo walionyesha kwamba kwa kuchagua kimiminiko kinachofaa, kaboni ngumu huweza kuchajiwa na kutumika tena na tena bila kudhoofika upesi. Tangu hapo kazi ya sodiamu ilifufuka katika nchi nyingi.

Sasa walikuwa na mlango uliofunguka na nyumba isiyobomoka upesi. Palibaki sifa ya kwanza: vyumba. Je, haikuwezekana kupata kitu kitakachopokea sodiamu nyingi kuliko kaboni? Vitu hivyo vilikuwapo. Bati, kwa hesabu, huweza kuhifadhi miliampia-saa 847 kwa gramu, antimoni 660, na fosforasi karibu 2,600, zaidi ya mara 8 ya kaboni ngumu ya Halifax. Vitu hivi haviipokei sodiamu kama nyumba impokeavyo mgeni chumbani. Huungana nayo na kuwa kitu kimoja kipya. Na hapa ndipo ulipo msiba wao. Umepata kuloweka maharagwe usiku ndani ya chupa iliyojazwa pomoni? Asubuhi maharagwe yamevimba, na chupa imo hatarini kupasuka. Mwaka 2012 watafiti waliitazama bati kwa hadubini ya elektroni wakati ikipokea sodiamu, nao wakaona chembe zake zikivimba hata kuzidi mara 5 ya ukubwa wake wa kwanza. Sodiamu ikitoka, chembe hunywea. Kuvimba na kunywea huko hupasua anodi, vipande hutengana, njia za umeme hukatika, na betri hufa baada ya kuchajiwa mara chache.

Basi wataalamu walikuwa na vitu viwili mkononi: kaboni, ivumiliayo lakini yenye vyumba vichache, na vile vingine, vyenye nafasi tele lakini visivyovumilia. Hapakuwa na kimoja kilichotosha peke yake. Fikiri juu ya ukuta wa nyumba ya fito na udongo. Udongo peke yake ukikauka hupasuka na kuanguka. Fito peke yake hazizuii upepo wala mvua. Lakini udongo ukishikwa na fito husimama miaka mingi, na nyufa zake haziuangushi ukuta. Shauri lao lilikuwa la namna hiyo hiyo: kitu chenye nguvu kisagwe kiwe chembe ndogo sana, kisha kila chembe ishikwe na kaboni. Chembe ikiwa ndogo hupata nafasi ya kuvimba bila kuvunjika, na kaboni inayoizunguka hulegea kidogo, huizuia isitawanyike, na kuipitishia elektroni. Kiswahili kina neno zuri kwa kitu cha namna hii, nalo ni mseto.

Kuutengeneza mseto huo si jambo la kimiujiza. Njia mojawapo yafanana na kutwanga: unga wa metali na unga wa kaboni hutiwa katika chombo chenye matufe magumu, nacho huzungushwa kwa kasi kwa saa nyingi, hata vitu viwili vikaingiliana. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wuhan, China, walichanganya antimoni na kaboni, wakapata miliampia-saa 610 kwa gramu, na baada ya kuchaji mara 100 mseto wao ulikuwa bado na asilimia 94 ya uwezo wake. Mwaka huo huo maabara moja ya taifa huko Marekani ilifanya mseto wa bati, antimoni na kaboni. Mwaka 2013 watafiti wa Korea na wa Wuhan walichukua fosforasi nyekundu, ile ipatikanayo ubavuni mwa kisanduku cha kiberiti. Fosforasi hiyo haipitishi umeme ila kwa shida, lakini ilipotwangwa pamoja na kaboni ilihifadhi zaidi ya miliampia-saa 1,700 kwa gramu.

Wengine walitafuta msaada katika miti. Katika Chuo Kikuu cha Maryland, mwaka 2013, utando mwembamba wa bati uliwekwa juu ya nyuzi za mbao zilizopakwa kaboni. Nyuzi hizo ni laini. Bati ilipovimba zilijikunja, iliponywea zikafuata, na anodi ikadumu kwa kuchajiwa mara 400. Na mwaka 2015 Yi Cui na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walipanga karatasi za fosforasi zenye unene wa atomu chache tu kati ya karatasi za kaboni nyembamba vivyo hivyo. Mseto huo ulihifadhi miliampia-saa 2,440 kwa gramu, na baada ya kuchajiwa mara 100 ulikuwa na asilimia 83 ya uwezo wake.

Ukizisoma tarakimu hizi kwa haraka utadhani kazi imekwisha. Sivyo. Betri ya gari au ya kituo cha umeme haitakiwi kudumu mara 100, bali maelfu. Tena kuna kodi inayolipwa mlangoni. Anodi ikichajiwa kwa mara ya kwanza, sehemu ya kimiminiko huharibika juu yake na kufanya ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa hukilinda kimiminiko kisiendelee kuharibika; lakini hunasa sodiamu ambayo haitarudi tena. Mseto wa chembe ndogo una uso mkubwa wa kufunikwa, kwa hiyo kodi yake ni kubwa. Na chembe zikivimba ngozi hupasuka, mpya hufanyika, na sodiamu zaidi hupotea. Dawa ya ugonjwa mmoja ndiyo chanzo cha mwingine. Kazi ya watafiti hivi leo ni kupata kipimo cha katikati: chembe zisiwe kubwa zikavunjika, wala ndogo mno zikanywa sodiamu yote, kaboni isiwe chache ikashindwa kuzishika, wala nyingi mno ikajaza nafasi bure.

Kwa sababu hiyo viwanda havikungoja mseto ukamilike. Mwezi wa Julai 2021 kampuni ya CATL ya China ilitangaza betri yake ya kwanza ya sodiamu yenye anodi ya kaboni ngumu, na mwaka 2024 kituo kikubwa cha kuhifadhi umeme kwa betri za sodiamu kilianza kazi katika jimbo la Hubei. Walakini betri za sodiamu bado hubeba umeme mchache kwa kila kilo kuliko zile bora za lithiamu. Bei ya lithiamu, iliyopanda sana mwaka 2022, ilianguka mwaka 2023, na faida ya bei iliyotegemewa na sodiamu ikapungua. Hivyo anodi iliyo bora si pambo la maabara. Ni jambo litakaloamua kama betri ya sodiamu itasimama kwa miguu yake yenyewe, au itasubiri kila mara lithiamu ighalike.

Habari hii si ya mbali na kwetu kama idhaniwavyo. Kusini-magharibi ya Nairobi liko ziwa Magadi, ambalo magadi yake huchimbwa na kampuni tangu mwaka 1911 na kupelekwa viwandani, hasa vya kioo. Magadi hayo ni chumvi ya sodiamu. Na kaboni ngumu, iliyoanza na sukari huko Halifax, sasa hutengenezwa kwa vitu vingi vya mimea, vikiwamo vifuu vya nazi, vile ambavyo watu wa pwani huvifanya kuni. Sisemi kwamba kuwa na magadi na vifuu ni kuwa na betri. Kati ya kifuu na anodi kuna elimu ndefu, na asiyekuwa na elimu hiyo atauza malighafi kwa bei ya chini na kununua betri kwa bei ya juu. Elimu hiyo huanzia katika somo la kemia ulilo nalo darasani, katika jedwali lile lile la elementi ambalo pengine wewe huliona mzigo wa kukariri.

Mwisho, msomaji, angalia jinsi kosa lilivyofanyika na jinsi lilivyosahihishwa. Grafiti ilipoikataa sodiamu mwaka 1988, jaribio lilisema kweli, lakini lilisema kweli juu ya grafiti tu. Waliosikia wakafanya kama kwamba limesema juu ya sodiamu yote, na miaka mingi ikapita. Waliofungua njia tena hawakuwa na metali mpya wala kaboni isiyojulikana. Sukari ilikuwapo, makaa yalikuwapo, bati na fosforasi vilikuwapo. Walichofanya ni kuuliza kwa makini ni nini hasa kilichokataliwa, na na nani. Kisha wakajenga ukuta kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja kilikuwa kimeshindwa. Ukuta wenyewe haujamalizika. Waliobaki kuujenga ni pamoja na wale ambao leo wamo darasani.